Kihamba na Kisanduku: Tulikotoka Sisi Akina Mama wa Mlimani



Kamati ya sherehe ilipogawa kazi za kijitabu hiki, sisi tuliangukiwa na historia. Wengine wamechukua hesabu, wengine picha, wengine mashairi, na afadhali wao. Tulidhani ni kazi ya jioni moja tu: kikundi kilianza lini, nani alikuwa mweka hazina wa kwanza, kisanduku kilitoka wapi. Lakini tulipokaa kuulizana kwa nini hasa kikundi hiki hakikufa kama vingine tulivyoviona vikifa, kila jibu lilituvuta nyuma zaidi. Ukisema mikopo yetu inarudi kwa sababu ya maziwa, inabidi ueleze ng'ombe alifikaje bandani. Ukimweleza ng'ombe, huwezi kuyaacha majani na migomba. Na ukishafika kwenye migomba, umekwisha kuingia kihambani, na kihamba ni cha tangu enzi za mababu. Basi historia yetu inaanzia huko, na kikundi chenyewe mtakikuta mbele. Mtuvumilie.

Shamba lisilonunua kitu

Anayetoka Moshi mjini kupanda kuelekea Kibosho, Uru, Kilema, Marangu au Machame hupita kwanza tambarare yenye mahindi na vumbi, halafu taratibu anaanza kuingia kwenye kijani. Mgeni hudhani amefika msituni. Si msitu, ni nyumbani kwa watu. Juu kabisa utaona mringaringa na mruka, na siku hizi mgrevilea na mparachichi. Chini yake ni migomba, chini ya migomba ni kahawa, na chini ya kahawa ni magimbi, maharage na mboga. Viazi vikuu havina haja ya nafasi yake, vinapanda juu ya mti. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta kwamba kihamba kwa wastani kilikuwa na hekta 0.68, yaani kama ekari 1.7, na ndani ya vihamba mlikuwa na aina zaidi ya 100 za mimea inayotumiwa na watu. Utafiti mwingine wa mwaka 2006, uliohesabu hata mimea inayojiotea yenyewe, ulizidi aina 500. Hapo ndipo mahali ambapo familia moja ilikula, ikauza, ikapika kwa kuni zake na ikajenga kwa mbao zake.

Sasa siri yake ni nini? Ni kwamba kihamba hakitupi kitu. Ng'ombe wa mlimani haendi malishoni, anakaa ndani na analetewa. Zamani alilala ndani ya nyumba moja na watu. Anakula majani ya migomba, anakula mgomba wenyewe uliokatwakatwa baada ya mkungu kuvunwa, na anakula majani yaliyobebwa kutoka mbali. Mavi yake na masalia ya chakula chake yanarudi kwenye shina la mgomba ule ule. Miti mirefu inavuta kutoka chini kile ambacho mizizi mifupi haikifikii, kisha inakiangusha juu ya ardhi kama majani makavu. Kivuli kinatunza unyevu. Udongo haukai uchi hata siku moja, na ndiyo maana mvua za masika zinapopiga kwenye miteremko ile mikali hazikuuzoa wote zikaupeleka tambarare. Palipokuwa na ukame kidogo, maji ya mfongo yaliletwa kutoka mtoni kwa mteremko wa mkono wa mtu, yakakusanywa usiku kwenye nduwa na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Wazungu waliofika hapa katika karne ya 19 waliistaajabia mifongo hiyo.

Hakuna mfuko wa mbolea ulionunuliwa katika hayo yote. Siku hizi watu wanaita kilimo cha gharama nafuu, kilimo endelevu, kilimo mseto, na semina zake zina chai na vitafunwa. Bibi zetu hawakuwa na jina la kukiita. Walikuwa na mzigo kichwani tu.

Na hapo ndipo tunapotaka kutia neno letu. Kiswahili chetu ni lugha ya heshima, hakitenganishi "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Ukisoma mahali pameandikwa "mkulima wa Kilimanjaro alitia samadi migombani", unaweza kudhani tumo. Kweli tumo, kwa sababu aliyetia ni mama. Lakini ukisoma "mkulima alilipwa fedha zake za kahawa", hapo hatumo, na sentensi zote mbili zinafanana. Kukata majani, kuyabeba kutoka tambarare au kutoka pembezoni mwa msitu, kufagia banda, kupeleka samadi, kupalilia, kuondoa machipukizi, kukamua, hiyo ilikuwa kazi ya mwanamke kila siku ya Mungu. Mfongo ulikuwa wa wanaume. Kwa mila, mwanamke hakushiriki kuuchimba wala kukaa katika kikao cha kugawa maji, ingawa aliyeyahitaji maji hayo kwa kupikia na kumwagilia alikuwa yeye. Soko, kwa upande mwingine, lilikuwa letu. Hata kabla ya wakoloni, masoko ya mlimani yaliendeshwa na wanawake, na aliyewahi kufika Mwika siku ya soko na kuona mikungu ya ndizi ilivyopangwa anajua kwamba jambo hilo halijabadilika sana.

Kahawa ya baba

Kahawa ilikuja mwishoni mwa karne ya 19 na wamisionari Wakatoliki waliokuwa Kilema. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipochukua nchi, ofisa mmoja wa wilaya aitwaye Charles Dundas aliwahimiza Wachagga wapande kahawa yao wenyewe, jambo ambalo walowezi Wazungu hawakulipenda hata kidogo, maana walitaka watu hao hao wawe vibarua. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, na Joseph Merinyo alikuwa kiongozi wake. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU, ambao kila mtu wa hapa anaujua, na ambao ni miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vya kwanza kabisa vya Waafrika. Si kwamba mambo yalikwenda laini. Mwaka 1937 bei ilipoanguka, watu walifanya fujo katika baadhi ya sehemu za mlima, wakipinga kulazimishwa kuuza kupitia ushirika.

Hatutaki mtu afikiri kwamba tunaisema vibaya kahawa. Fedha ya kahawa ilijenga shule, ikaezeka nyumba bati, ikasomesha vijana hadi ng'ambo. Wengi wetu tuliingia darasani kwa ada ya kahawa. Lakini ilikuwa kahawa ya baba. Kitabu cha mauzo kwenye chama cha msingi kilikuwa na jina lake, na malipo alichukua yeye, ingawa kuchuma, kumenya na kuanika tulifanya wote, na watoto pia. Mama alibaki na ndizi na maziwa. Mgawanyo huo ulionekana kama wa kumnyima mama, na kweli ulimnyima. Ila kwa miaka iliyofuata ndio uliomwokoa yeye na nyumba yake.

Maana kahawa ilianza kuugua. Miaka ya 1960 uliingia ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha punje zikiwa bado kijani, na kutu ya majani nayo ilikuwapo. Mkulima akawa hana budi kupiga dawa mara kadhaa kwa msimu. Wakati ule serikali ilisaidia bei ya pembejeo, kwa hiyo dawa ilipatikana. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, mwaka 1984 vikarudishwa, na katikati ya vurugu hizo mkulima aliendelea kupiga dawa na kusubiri malipo. Kisha likaja pigo ambalo halikutoka kwetu kabisa. Mwezi Julai 1989, huko London, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ili bei isianguke ulivunjika. Bei ikaanguka. Ruzuku ya pembejeo ikaondolewa katika mageuzi ya miaka ile. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Na kufikia mwaka 2001 na 2002 bei ya kahawa duniani ilikuwa chini kuliko ilivyokuwa kwa miongo mingi.

Jamani, mliokuwa watu wazima wakati ule mnakumbuka. Gunia la kahawa halikuweza kulipa dawa iliyoipigwa. Wazee wakaacha kupiga, mibuni ikazeeka na kukauka juu. Wengine walikata wakapanda nyanya na mahindi kwenye jua, na kivuli kikaenda pamoja na miti iliyouzwa mbao. Vijana wakashuka Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Ukoo mzima uliotegemea kitabu kimoja cha mauzo ulikaa mezani ukatazamana.

Kilichobaki juu ya meza ile ilikuwa ndizi. Mgomba hauhitaji dawa ya shaba kila mwezi. Unahitaji samadi, na samadi ilikuwapo.

Ng'ombe wa mkopo

Hapa historia yetu inageuka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ng'ombe wa asili wa mlimani alitoa maziwa ya kutosha chai na mtoto mchanga. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa, au mchanganyiko wake, anatoa ya nyumbani na ya kuuza. Tanzania, shirika la Heifer lilianza kazi mwaka 1974, na kwa miradi ya namna hiyo ukaenea utaratibu ambao Waswahili waliupa jina zuri: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unapewa mtamba, hulipi fedha. Ndama wake jike wa kwanza unamlea, kisha unampeleka kwa mwenzako, naye atampelekea mwingine. Tunautaja utaratibu huu kwa makusudi, kwani akina mama wengi waliokuja kuanzisha kikundi chetu waliuona kwa macho yao kabla hawajasikia neno kikoba. Walijifunza hapo kwamba mkopo waweza kulipwa kwa kitu kinachozaliwa kihambani, na kwamba anayekudai si benki, ni jirani yako anayechungulia banda lako kila asubuhi kuona kama mtamba wake anakula.

Halafu kulikuwa na mfano wa Nronga, huko Machame. Mwaka 1988, wakati wengi bado wanaongea kahawa tu, akina mama wa Nronga waliunda ushirika wao wa maziwa. Walipeleka maziwa yao asubuhi mahali pamoja, yakapimwa, yakauzwa kwa pamoja, na fedha ikaingia mkononi mwa aliyekamua. Ukifikiri, ni jambo kubwa. Ushirika wa kahawa ulikuwa na zaidi ya miaka 50, na kwa miaka yote hiyo aliyebeba mzigo na aliyepokea malipo walikuwa watu wawili tofauti. Nronga wakawafanya kuwa mtu mmoja. Sisi tunaona kwamba siku ile ilikuwa kubwa kwa mlima huu kuliko siku nyingi zinazoandikwa vitabuni.

Kisanduku

Kuwekeza pamoja si jambo geni. Upatu tulicheza tangu zamani. Ubaya wa upatu ni kwamba mtoto akiugua leo na zamu yako ni mwezi wa tisa, huna la kufanya. Kikoba kina asili nyingine. Utaratibu wake ulianza Niger mwaka 1991 kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaja Zanzibar kwa vikundi vya eneo la Jozani, na kuanzia miaka ya 2000 ukaenea Bara kwa jina la VICOBA. Wanachama wananunua hisa, wanakopeshana fedha hizo hizo, riba inarudi kwao, mwisho wa mzunguko wanagawana. Mfuko wa jamii uko pembeni kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Baadaye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe, nasi tukasajiliwa.

Tulipoanza, hisa ilikuwa sh. 1,000, na kulikuwa na waliotucheka kwamba eti tunacheza kitoto. Mikopo ya mwanzo ilikwenda sehemu zote: mitumba, vitenge, genge, ada za shule, bodaboda ya kijana. Mweka hazina wetu, ambaye ana tabia ya kuandika kila kitu, aliweka alama kwenye daftari lake dhidi ya kila mkopo uliorudi bila mtu kugongewa mlango. Baada ya mizunguko michache tulisomewa daftari lile mkutanoni, tukaona kitu. Mikopo iliyorudi yenyewe ilikuwa ya banda, ya mtamba, ya pumba na mashudu, ya miche ya migomba. Iliyosumbua zaidi ilikuwa ya mbolea ya dukani kwa ajili ya mahindi ya tambarare. Wale wenzetu hawakuwa wavivu. Mahindi yanalipa mara moja kwa mwaka, na mvua ikikata mwezi wa nne hayalipi kabisa, lakini marejesho yetu ni ya kila wiki.

Kihamba kinalipa kila wakati. Maziwa ni ya kila siku, mkungu wa ndizi karibu kila wiki ukiwa na migomba ya kutosha, maharage na magimbi kwa msimu, parachichi na kahawa kwa mwaka. Hakuna fedha nyingi hata moja kati ya hizo, ila hakuna wiki tupu. Daftari letu na shamba la bibi zetu vilikuwa na kalenda moja. Tunaamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwapo kwa sherehe hii, na wala si ujanja wa viongozi, ingawa viongozi wetu wanastahili kanga zao.

Kuanzia hapo tulianza kufundishana vitu vidogo vidogo visivyo na gharama. Banda liwe na paa, kwa maana samadi inayopigwa jua na mvua inabaki takataka tu, nguvu yote imeondoka. Sakafu iwe na mteremko na mfereji, ili mkojo wa ng'ombe uende shimoni na kutoka hapo uende migombani badala ya kuzama chini ya banda. Shina la mgomba libaki na watatu tu, yaani mama, binti na mjukuu, na machipukizi mengine yatolewe, hata kama roho inauma. Mche mpya umenywe mizizi ili kuondoa fukusi kabla haujaingia shimoni. Kwenye kingo za makinga maji tukapanda matete na majani ya guatemala. Kwa wadudu wa maharage, majivu na utupa. Wachache wana mitambo ya biogesi, nao wanatualika chai kwa majivuno kidogo. Wana haki.

Suala la majani lina historia yake. Mwaka 1941 kando ya msitu ulitengwa ukanda uliojulikana kama nusu maili, ili wananchi wapate kuni na majani bila kuumaliza msitu wenyewe. Vizazi vya akina mama vilipanda huko na panga na kamba. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikauchukua msitu, na kwenda juu kukata majani kukawa na masharti makali. Kuna wanaolilalamikia jambo hili na kuna wanaolitetea, na ndani ya kikundi tunao wa pande zote mbili. Ila ukweli mmoja hauna ubishi: msitu ule ndio unaotunywesha. Watu wengi wanadhani maji yetu yanatoka kwenye barafu ya Kibo. Barafu imepungua kweli, kwani kati ya mwaka 1912 na 2007 zaidi ya robo tatu ya eneo lake ilitoweka, nasi tunaihuzunikia kama mtu anavyomhuzunikia babu. Lakini maji ya mito na mifongo kwa sehemu kubwa kabisa ni mvua inayonaswa na msitu. Msitu ukiisha, mfongo umeisha. Kwa hiyo mama anayepanda matete kwenye kingo za kihamba chake anajipunguzia safari, na anaupunguzia msitu panga.

Kahawa nayo haikufa, tuseme ukweli wote. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ilianza Lyamungu mwaka 2001, na tangu mwaka 2005 imetoa aina mpya zinazohimili chulebuni na kutu, ambazo hazidai dawa ya shaba kama zile za zamani. Vikundi vya wakulima vilifundishwa kuzalisha miche wenyewe kwa vikonyo. Baadhi yetu tunayo mibuni hiyo chini ya migomba, na safari hii malipo yanaandikwa kwa jina la aliyepanda.

Mwaka 2011 kihamba kilipata heshima ya dunia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua utaratibu wa vihamba wa Shimbwe Juu, huko Uru, kuwa miongoni mwa urithi muhimu wa kilimo duniani. Tulifurahi, na tuliokuwa na ndugu Shimbwe tulijidai. Huo ndio wakati watu wengi walipoanza kuja na kamera kupiga picha migomba yetu.

Jambo ambalo picha haionyeshi

Migomba ya nani?

Hapo ndipo tunapotaka kufika, na tunaomba wazee wetu wa kiume waliochangia sherehe hii wasome bila kukasirika. Kwa mila yetu kihamba kinakwenda kwa watoto wa kiume. Mkubwa anapata chake, kitinda mimba anabaki nyumbani kwa baba, wa katikati wanaambiwa watafute maisha tambarare au mjini. Binti hana. Mke anaishi hapo kwa mume, na akifiwa anaishi hapo kwa mwanawe. Zamani ardhi ilikuwapo na mila hiyo ilimlinda mjane kwa namna yake. Leo Mkoa wa Kilimanjaro una watu 1,861,934 kwa Sensa ya mwaka 2022, vihamba vimegawanywa mpaka vingine vimebaki nafasi ya nyumba na kaburi, na ulinzi ule umelegea.

Tumeyaona ndani ya kikundi chetu. Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja, alitumia mikopo mitatu kukijaza kihamba samadi, akajenga banda, akapanda miparachichi. Mume wake alipofariki, kabla hata arobaini haijaisha, kikao cha ukoo kilikaa. Aliambiwa kwamba banda ni la marehemu, miti ni ya ukoo, na yeye kama anataka aende na ng'ombe wake. Ng'ombe wake aende kula nini, na wapi? Deni lilikuwa lake. Kazi ya miaka sita ilikuwa imezikwa ardhini, na samadi haichimbuliwi ikahamishwa. Tulimsindikiza kwenye baraza, tukakaa naye siku zote, na hatimaye alibaki. Lakini tangu siku ile kila anayeomba mkopo wa kupanda miti tunajiuliza moyoni kama ataivuna.

Kilimo hiki tunachokisifu kinadai muda. Mbolea ya dukani unaweka leo, unavuna msimu huu. Samadi inajenga udongo kwa miaka mingi, mparachichi unasubiriwa, kivuli kinakua polepole. Asiye na uhakika wa kuwapo kesho hupanda nyanya. Kwa hiyo mtu akituuliza kitu gani kinaweza kuua kihamba, hatutaji ukame kwanza, tunataja kikao cha ukoo.

Na sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kwa halali haina nguvu. Inatambua hakimiliki ya kimila na hati yake, na hati hiyo inaweza kuandikwa majina ya watu wawili. Katika baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7, watatu lazima wawe wanawake. Mapema zaidi, mwaka 1990, katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory iliyotoka Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mwanamke aweza kuuza shamba alilorithi kama mwanamume awezavyo. Yote hayo yamo kwenye karatasi. Tatizo la karatasi ni kwamba hazipandi mlima zenyewe, lazima mtu azibebe.

Ndiyo sababu mkutano mkuu wa mwaka huu ulikubali kwamba mfuko wa jamii, ambao mpaka sasa ulikuwa wa msiba na ugonjwa, usaidie pia ada ya hati ya kimila kwa mwanachama yeyote ambaye mume wake amekubali majina mawili, au ambaye ni mjane na watoto wake wamekubali. Ubishi ulikuwa mwingi. Baadhi walisema tunaingiza ugomvi majumbani. Waliopiga kura ya ndiyo walikuwa wengi, na katika wageni waalikwa mzee mmoja alisimama akasema yeye ataandika jina la mkewe kabla ya jina lake, maana kihamba anakijua mama, yeye anajua njia ya kwenda kilabuni. Tulicheka sana, na aliandika kweli.

Kaya za kwanza zimekwisha kupimwa. Kwa baadhi ya wengine mipaka ya upande wa mto haijaelewana, na wenyeviti wa vitongoji wameomba masale yapandwe upya mbele ya majirani kabla wapimaji hawajarudi. Miche ya masale ipo ya kutosha kwenye kitalu cha kikundi na haiuzwi. Fomu ziko kwa katibu. Anayetaka kuingia awamu ya pili aje Jumamosi ya kwanza baada ya sherehe, pamoja na mwenzi wake na majirani wa mipaka yote minne.